Geti la mota: anza na ardhi, mota baadaye

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu geti la mota, kwa sura tofauti. Tumejibu kila mmoja kadiri ya eneo lake, ingawa mara nyingi jibu limeanzia kwenye udongo, chuma au waya kabla ya kufika kwenye mota.

SWALI: Nyumba yangu iko Mwanga, Kigoma, upande wa mlimani. Ukitoka barabarani gari linapanda hadi uani. Fundi ananishauri geti la milango miwili lenye mota za mikono (mikono ya chuma inayosukuma kila mlango), anasema ni nafuu kuliko la kuslaidi. Upana wa njia ni mita 4. Nimsikilize?
*Baba mwenye nyumba, Mwanga*

Kabla ya kumsikiliza, mpe futi na pima maji. Achukue ubao mnyoofu wa mita 2, ncha moja aiweke pale bawaba zitakapokaa, nyingine aielekeze ndani ambako mlango utafungukia, kisha ausawazishe. Ncha ya ndani itagusa ardhi, ya bawaba itabaki hewani. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo itakayokuamulia. Mwinuko wa sentimita 10 kwa kila mita, ambao kwa vilima vya Kigoma si mkubwa, unakupa sentimita 20. Maana yake mlango wa mita 2 ukiwekwa karibu na ardhi utakwama kabla haujafunguka nusu. Ukitaka ufunguke wote, itabidi uanzie sentimita 25 juu ya ardhi, na hapo mbuzi atapita chini yake bila kuinama sana.

Kufungulia nje si suluhisho. Milango itaingia barabarani kwa wapita njia, na gari linalosubiri kuingia litalazimika kurudi nyuma kwenye mteremko.

Kwa eneo lako, chaguo letu ni geti la kuslaidi linalokwenda sambamba na ukuta wa mbele, yaani linalokata mteremko badala ya kuufuata. Linahitaji ukuta mtupu upande mmoja wenye urefu wa njia pamoja na nusu mita au zaidi: kwako ni kama mita 4.6. Pima kwanza kama ipo. Isipokuwepo, lipo geti la kuslaidi la vipande viwili vinavyopishana, ambalo hutosheka na kama mita 2.6, ila lina magurudumu mengi zaidi na fundi wake lazima awe makini.

Reli ya chini ikae sawasawa kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama itabidi kuchimba upande mmoja na kujenga kijiukuta cha kuzuia udongo. Reli yenye mteremko ni hatari: geti la kilo 170 kwenye mteremko wa sentimita 5 kwa mita linavutwa chini na nguvu ya kilo 8 na nusu muda wote. Siku umeme umekatika ukaifungua mota kwa ufunguo ili usukume kwa mkono, geti litaondoka lenyewe.

Kuna tatizo la pili ambalo fundi wako huenda hajalitaja. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka uani kwako kuja getini, yamebeba mchanga na kokoto ndogo, na reli inakuwa mfereji. Gurudumu likipanda kokoto geti linaruka, meno ya mota yanapishana na ya reki (chuma chenye meno kilichofungwa kwenye geti), na mota inasimama ikidhani imegonga kitu. Jenga mfereji wa kukatiza maji, upana wa sentimita 20 na kina cha 25, mita moja hivi juu ya reli, ufunikwe kwa chuma cha wavu kinachobeba gari, na utoe maji pembeni. Kama mchanga ni mwingi kiasi cha kujaza mfereji kila wiki, achana na reli ya chini kabisa. Chukua geti la kuning'inia, linalobebwa na magurudumu mawili makubwa yaliyofungwa kwenye zege upande wa ndani, bila kitu chochote ardhini pale gari linapopita. Gharama yake ni chuma cha ziada: kwa njia ya mita 4 geti zima litakuwa na urefu wa mita 5.5 hadi 6, kwa sababu mkia wake ndio unaolisawazisha. Hapo nafasi ya ukutani nayo inaongezeka, kwa hiyo pima upya.

Fundi wako hakukosea kuhusu bei. Kwenye kiwanja tambarare angekuwa sahihi.

SWALI: Nipo Ipuli, Tabora. Geti langu la kuslaidi ni la mita 4 kwa 2, lina shiti ya chuma na mbele nimepiga mbao za mninga. Muuzaji mmoja anasema mota ya kilo 400 inatosha, mwingine anasema kilo 1,000. Nani mkweli?
*Mwalimu mstaafu*

Mwalimu, shikamoo. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe, kisha wauzaji wote wawili wakusikilize wewe.

Fremu ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 2, ina kilo 3 kwa mita. Mzunguko wa geti ni mita 12, ongeza nguzo tatu za kati za mita 2 kila moja: mita 18, kilo 54. Shiti ya milimita 1.5 ina karibu kilo 11.8 kwa mita ya mraba. Mita 8 za mraba ni kilo 94. Mninga uliokauka vizuri, ukiwa na unene wa sentimita 2, kwa eneo hilohilo ni kama kilo 100. Ongeza magurudumu, reki na kofuli, kilo 20. Jumla inakaribia kilo 270.

Kanuni ya kazi ni kuchukua mota yenye uwezo mara mbili ya uzito wa geti. Kwako ni ile ya kilo 500 au 600. Ya kilo 400 itavuta siku ya kwanza na itavuta mwezi wa tatu. Itakapochoka ni pale magurudumu yakianza kukauka. Ya kilo 1,000 utalipia nguvu usiyoitumia, na nguvu iliyozidi ina ubaya wake: mota isipopunguzwa vizuri kwenye mipangilio, itambana mtu kabla haijajua kuwa imegusa kitu.

Ila uzito ni nusu tu ya habari. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano wanayopimia samaki na nyama sokoni. Ondoa kila kinachozuia geti, ninginiza ndoano kwenye fremu kwa chini, na uvute taratibu ukisoma mshale. Geti la kilo 270 lenye magurudumu mazima na reli safi linapaswa kutembea kwa mvuto wa kilo 6 hadi 8. Soma kila nusu mita hadi mwisho. Mshale ukipanda hadi 15 au 20 mahali pamoja, hapo pana kosa: reli imepinda, beringi ya gurudumu imekufa, au rola za juu, zile zinazolishika geti lisimame wima, zinabana fremu. Rekebisha hapo kwanza. Mota utakayoifunga juu ya kosa hilo itafanya kazi ile ya mshale wa 20 kila siku, na si mota hata moja iliyotengenezwa kwa hilo.

Kwenye kufunga reki, angalia mambo mawili fundi akiwa bado yupo. Vipande vya mita moja moja vikiungwa, achukue kipande kingine akigeuze kichwa chini na kukibana chini ya kiungo, meno yaingiane, ndipo akaze skrubu; bila hivyo nafasi ya jino kwenye kiungo inakosea na kila geti linapopita hapo utasikia "tak". Na kati ya reki na gia ya mota ibaki nafasi ya kama milimita 1.5. Kadi mbili za benki zikishikanishwa zinapita hapo vizuri. Reki ikilalia gia, uzito wa geti unabebwa na mhimili wa mota, na mwaka hauishi.

SWALI: Ni kweli kwamba kipande cha reli ya treni ndiyo njia bora ya geti? Kuna mtu ananiuzia.
*Kanyenye, Tabora*

Usinunue. Reli ya treni ni mali ya umma, na anayekuuzia anajua alikoitoa. Hata kwa kazi haifai, maana kichwa chake ni kipana na gurudumu la geti lina mfereji wa V au wa nusu duara. Nunua reli ya duara ya milimita 16 au 20 iliyochomelewa juu ya chuma bapa, uifunge kwenye msingi wa zege wa sentimita 30 kwa 30 wenye nondo.

SWALI: Hapa Ujiji umeme ukikatika usiku, geti langu linafunguka mara moja kisha linakufa. Betri ni za mwaka jana. Nifunge sola?
*Mama wa Ujiji*

Mama, tuanze na betri zenyewe. Mota ya volti 24 kwa kawaida hubeba betri mbili za volti 12, ampea-saa 7, zilizofungwa kwa mfululizo. Zikiwa mpya na ukitumia nusu tu ya uwezo wake, una ampea-saa 3.5. Geti likifunguka na kufunga kwa sekunde 30 likivuta ampea 5, linakula 0.04. Kwa hesabu hiyo ungefungua mara themanini na zaidi. Mbona basi linakufa mara moja?

Mlaji mkubwa ni vile vinavyokesha: bodi (saketi inayoendesha mota), kipokea rimoti, macho ya usalama (yanayozuia geti kufunga kitu kikiwa njiani), kengele yenye kamera. Vyote kwa pamoja vinaweza kuvuta ampea 0.08 saa zote. Kwa siku nzima ni 1.9, zaidi ya nusu ya ulichonacho, geti likiwa limesimama tu. Ongeza na joto: betri za risasi zinapoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Ndani ya boksi la plastiki linalopigwa na jua la mchana, mwaka mmoja unaweza kuzitosha kuzimaliza.

Zipime hivi. Zima swichi ya umeme wa geti, subiri saa moja, kisha weka mita ya volti kwenye kila betri peke yake. Nzima itasoma 12.6 au zaidi. Halafu fungua geti mita ikiwa hapohapo. Betri itakayoporomoka chini ya 10.5 wakati mota inavuta, imekufa. Badilisha zote mbili hata kama moja bado inajitutumua, kwa sababu mbovu itaiua mpya ndani ya miezi. Boksi nalo lipate kivuli, hata cha bati dogo.

Sola inafaa kama umeme unakatika kwa siku nzima au nguzo iko mbali. Kwa matumizi ya mara 10 kwa siku pamoja na vinavyokesha, unahitaji kama wati-saa 56. Pamoja na kinachopotea njiani, 80. Siku ya mawingu ya masika hupati zaidi ya saa mbili za jua kamili, kwa hiyo paneli mbili za wati 30 kwa mfululizo ndiyo kiwango cha chini. Betri nazo zipande hadi ampea-saa 18 ili zihimili siku tatu za mawingu. Kigoma iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo hauongezi jua kiasi cha kuonekana, bali unaruhusu mvua kuosha vumbi.

Na ufunguo wa kufungulia mota kwa mkono, mama, usikae ndani ya gari wala ndani ya boksi la mota. Kama hamna mlango mdogo wa miguu, siku betri zikiisha mkiwa nje mtaruka ukuta.

SWALI: Radi imeshaunguza bodi ya geti mara mbili. Fundi ameweka ethi mpya pale getini lakini bodi ya pili imeungua vilevile. Kosa liko wapi?
*Isevya, Tabora*

Tuna dau kuwa una kengele ya sauti au kamera yenye waya kutoka getini hadi sebuleni.

Radi ikipiga jirani, ardhi ya pale getini na ardhi ya pale nyumbani zinapishana kwa maelfu ya volti kwa muda mfupi sana. Waya wa kengele umeshika pande zote mbili, kwa hiyo ndio daraja. Ethi mpya iliyosimama peke yake getini imezidisha tofauti hiyo badala ya kuipunguza. Iunganishe na ethi ya nyumba kwa waya mtupu wa shaba wa milimita 10 za mraba, ulazwe kwenye mtaro uleule wa waya wa geti. Kisha funga saji protekta (kifaa kinachozuia mruko wa umeme) kwenye umeme unaoingia kwenye bodi, na nyingine ndogo ya aina ya mawasiliano kwenye waya wa kengele, pande zote mbili. Waya wa ethi wa saji uwe mfupi, chini ya nusu mita, usiozungushwa.

Udongo wenu wa kichanga ni mgumu kwa ethi wakati wa kiangazi. Piga vyuma viwili vya mita 1.5, vikiachana mita 3, na pima ukinzani Septemba au Oktoba, mchanga ukiwa umekauka hadi chini. Kipimo cha Machi kitakudanganya. Lengo ni chini ya omu 10. Chumvi inayomwagwa na baadhi ya mafundi inaleta namba nzuri siku ile, kisha inakula chuma.

Kama hutaki kufukua mtaro tena, njia rahisi ni kuondoa daraja lenyewe: kengele isiyo na waya.

SWALI: Mlinzi ameacha kazi na rimoti hajarudisha. Wengine wananiambia rimoti yoyote ya dukani inaweza kunakili yangu. Je, nihamie kwenye kufungua kwa simu?
*Dada wa Buzebazeba, Kigoma*

Fungua rimoti yako kwa nyuma. Ukiona mstari wa viswichi vidogo vyeupe, ni ya namba isiyobadilika. Viswichi 10 vinatoa michanganyiko 1,024 tu, na rimoti za kunakili zinaisoma kwa kubonyeza mara moja karibu nayo. Isipokuwa na viswichi huenda ni ya namba inayobadilika kila unapobonyeza; hakikisha kwenye maelezo yake, kwa sababu zipo zisizo na viswichi na bado namba yake ni ileile.

Habari njema ni kwamba huhitaji kubadili mota. Nunua kipokezi cha nje cha namba inayobadilika pamoja na rimoti zake, kifungwe kwenye terminali za kuanzishia za bodi (zikigusanishwa, geti linaanza kutembea), na kile cha zamani kizimwe. Kila rimoti iandikwe kwenye daftari nafasi yake kwenye kumbukumbu na nani anayo. Mtu akiondoka unafuta nafasi yake peke yake. Bila daftari utafuta zote na kuanza upya.

Kifaa cha simu ni kizuri kama njia ya pili. Kinatumia laini ya kawaida, unaipigia, kinatambua namba yako, kinakata bila kupokea, na geti linafunguka bila salio kuliwa. Laini isajiliwe kwa alama za vidole zako, si za fundi, na iwekewe salio mara kwa mara isije ikafungwa kwa kutotumika. Antena itoke nje ya boksi la chuma. Mtandao ukisumbua utabaki nje, kwa hiyo rimoti ibaki mkobani.

Kuhusu kibodi cha namba ukutani, kuna kosa moja tunaliona mno. Vile vya bei ndogo vina swichi ya kufungulia geti ndani yake, upande wa barabarani. Mwizi anafungua skrubu mbili, anagusanisha nyaya mbili, geti linafunguka. Chukua chenye kidhibiti kinachokaa ndani ya ukuta, nje kibaki kibodi tu.

SWALI: Geti letu la kuslaidi hufunga vizuri asubuhi na mchana, lakini kuanzia saa kumi na moja jioni linagoma kufunga. Usiku linafunga tena. Watoto nao wamezoea kulidandia. Tufanyeje?
*Mzazi, Katubuka, Kigoma*

Ni jua. Kati ya macho mawili ya usalama, lile linalopokea mwanga limeelekezwa magharibi, na jua la jioni linapozama upande wa ziwa linaingia moja kwa moja ndani yake. Bodi inaona njia haieleweki, inakataa kufunga. Yabadilisheni macho nafasi: linalotuma liwe upande mwingine, linalopokea litazame mashariki. Asubuhi jua likianza kusumbua upande huo, kivishwe kijikofia cha kipande cha bomba la sentimita 5. Yakae kimo cha sentimita 50 kutoka ardhini, si 80 kama tunavyoona kwingi. Gari litaonekana kwa vimo vyote viwili, lakini mtoto mdogo anaweza kupita chini ya macho yaliyo juu. Na fundi asiyafungie waya wa mkato, unaoifanya bodi isiyasikilize macho, ili geti "liache usumbufu". Akifanya hivyo mfukuzeni.

La kudandia ni kubwa kuliko la jua. Geti la kuslaidi linaweza kuua hivi: linapitiliza mwisho wa reli, linatoka kwenye rola za juu, linamwangukia mtu. Sumaku au swichi za kikomo hazizuii hilo, kwa kuwa ni za umeme tu, na ukilisukuma kwa mkono mota ikiwa imefunguliwa hazipo kabisa. Chomeleeni vizuizi vya chuma vilivyofungwa kwenye zege pande zote mbili za safari ya geti, na kingine juu. Kisha fungueni mota, sukumeni geti kwa nguvu hadi mwisho, mara tatu kila upande. Likibaki limesimama wima ndipo mota irudishwe. Nguvu nayo ipunguzwe: kiwango cha Ulaya EN 12453 kinataka geti linalobana kwenye nafasi finyu lisizidi nyutoni 400, yaani kama mgandamizo wa kilo 40, na nguvu hiyo ishuke chini ya nyutoni 150 ndani ya sekunde 0.75. Lijaribuni kwa boksi tupu la sabuni. Likilikunja kabla ya kurudi, bado lina nguvu mno.

SWALI: Geti linafunguka lenyewe usiku. Hakuna aliyebonyeza. Mke wangu anasema tuite shehe.
*Urambo, Tabora*

Kabla ya shehe, fungueni boksi la mota mchana, umeme ukiwa umezimwa. Sisimizi wanapenda joto la bodi, na mayai yao yakikaa kati ya terminali mbili za kuanzishia ni sawa na mtu kubonyeza kitufe. Pulizeni hewa, sugueni bodi kwa brashi laini na spiriti, iacheni ikauke dakika kumi. Tundu ambalo nyaya zinapandia kutoka ardhini ndilo mlango wao; zibeni kwa silikoni, si kwa gazeti, na wekeni vidonge viwili vya nafthalini pembeni, mbali na plastiki. Kama hakuna sisimizi, tazameni kitufe cha ukutani ndani ya nyumba. Toeni nyaya zake kwenye bodi usiku mmoja. Geti likilala, kitufe kimeingia unyevu na ndicho cha kubadilisha.